Neno Dogo la Mama Yako

Mwanangu Rukia,

Salamu nilikupa asubuhi uliponiletea chai, na hali yangu unaijua, kwa hiyo hayo tuyaruke. Wewe umekwenda soko la Liuhua kuwatafutia shangazi zako viatu, umesema utarudi kabla ya magharibi. Mimi nimetoka sokoni Shahe mapema, nimefunga mlango, nimekaa mezani na kalamu. Miaka kumi na tisa katika nchi hii sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko jina la mteja juu ya boksi, basi ukiona mistari inapanda mlima, nivumilie.

Kesho unaondoka. Mambo ya pasipoti, ya begi, ya kubadilisha ndege, ya kutokubali mtu akushikishe mzigo wake uwanjani, nimekusumbua nayo wiki nzima mpaka ukaniambia kwa Kichina kwamba wewe si katoni. Hayo siyarudii. Nataka kulijibu lile swali lako la Jumapili.

Ulikuwa unaosha vyombo. Ukaniuliza bila kugeuka: "Baba, bibi akiniuliza habari za mama, nimwambie nini?" Nami nikakujibu upesi, kama ninavyowajibu wateja: "Mwambie alilala tu, hakuamka." Ukasema "Hao," ile ya Kichina, yaani sawa, nimekubali, ukaendelea na sufuria. Wewe unajua kwamba mama yako hakulala tu. Mimi najua kwamba unajua. Miaka minane tumekaa nyumba moja hatujalitaja. Asiyejua ni bibi yako peke yake, na kesho kutwa utakuwa sebuleni kwake Ngamiani, Tanga, anakuangalia uso, anamtafuta binti yake humo. Ukimwambia nilivyokufundisha, uongo wangu utakuwa umeingia kwa mdomo wako katika nyumba aliyozaliwa mama yako.

Nitaanza mbali kidogo. Unanijua, mimi hata kwenda chooni napita njia ya mzunguko.

Mama yako alikuwa na neno moja dogo: la. Watu wa bara husema hapana, na hapana ni neno refu, mtu anaweza kubadili nia akiwa katikati yake. La ya Saumu ilikuwa imekwisha kabla hujajua kama imeanza. Nilipopeleka posa kwao mara ya kwanza, wazee wangu walirudi na neno hilo tu, hawakupewa hata sababu ya kunipoza. Mwaka uliofuata nikapeleka tena, wakarudi nalo tena, na mjomba wangu akaniambia sasa nitafute mke au nitafute mjumbe mwingine. Mara ya tatu nilipita mwenyewe chini ya dirisha lao, na mama yako akanisemesha: "We Bakari, huchoki?" Nikamwambia, "La." Akacheka mpaka akashika nondo za dirisha. Nadhani hiyo ndiyo siku pekee maishani mwangu neno hilo lilinitoka zima.

Nilipowaleta hapa, wewe una miaka miwili, tulilikuta neno lake limeenea mji mzima na kila mtu analitumia kwa kazi yake. Wiki ya kwanza niliwapeleka kula tambi. Mpishi akauliza, "Yao bu yao la?" Mama yako akaona anaulizwa kitu asichokijua, na asichokijua alikikataa kila mara. "La," akasema, na mkono akaupunga. Mpishi akamimina vijiko viwili vya pilipili. Alilia machozi yule mwanamke, na bado akala mpaka mwisho kwa sababu tulikuwa tumeshalipa. Huko ndiko tulikojua kwamba kwa hawa la ni ukali wa pilipili.

Bibi mwenye nyumba, Mkantoni, uliyemwita popo, yaani bibi kwa lugha yake, yeye la aliitia mwishoni mwa kila sentensi. "Sik faan la," alikuita ukale, nawe ulikuwa hujui kutembea vizuri ukaenda. Haina maana yoyote ile, ni ya kulainisha tu, amri isisikike kama amri. Mama Bea, jirani yetu Mkongomani aliyekuwa akisuka watu nywele pale Xiaobei, la yake ilikuwa ya Kifaransa, ya kuonyesha kitu: "Mutoto huyu la, akili yake ni mingi kupita ya baba yake." Na Waarabu wa migahawa ya chini walikuwa nayo hiyohiyo ya kwetu, maana kwao ndiko tulikoitoa, ila wao hawasemi moja, husema tano kwa pumzi moja.

Ulipokuwa na miaka sita ulilifanya mchezo. Ulisimama juu ya kiti hicho ninachokikalia sasa, ukakunja vidole: "La ya mama, sitaki. La ya Kichina, pilipili. La ya popo wa chini, sukari. La ya Mama Bea, pale." Mama yako akakuuliza, "Na la ya baba yako?" Ukafikiri. Ukasema, "Baba hana." Tulicheka sote watatu. Mimi nilicheka kuliko ninyi, na moyoni nikaona haya, kwa sababu mtoto wa miaka sita alikuwa ameniona.

Kweli sikuwa nayo. Na usidhani niliona ni upungufu, niliona ndiyo kazi yangu. Wewe umekulia katika kazi hiyo lakini hukuwahi kusimama katikati, basi nikueleze. Mteja anatoka Kariakoo, hajui Kichina hata chembe. Namchukua alfajiri nampeleka Shahe, tunaingia duka kwa duka. Anashika fulana, anainusa, anasema, "Mwambie huyu laoban hii takataka, ukiifua mara moja inabaki kamba." Mimi namgeukia laoban, mwenye duka, nasema, mteja ameipenda, anauliza kama kuna nzito kidogo. Laoban hajainua hata macho kwenye simu: "Mei you!" Yaani hakuna, na aondoke asimzibie mlango. Namgeukia mteja namwambia, anasema leo imekwisha, lakini kwa heshima yako ataangalia. Kila mtu anabaki na heshima yake, biashara inafanyika, mimi napata riziki. Matusi mangapi yameingia sikio langu hili yakatoka kinywani yakiwa salamu! Wakaniita Mzee Sawa. Walinipenda, na wengine wananipenda mpaka leo.

Mama yako hakuipenda kazi ile. Aliniambia siku moja, tukiwa tunafunga maboksi: "Bakari, wewe unatia maji kila kitu. Ipo siku utatia maji dawa ya mtu akafa." Nikamwambia acha maneno ya kwenye khanga. Hakucheka.

Sasa nimefika. Kalamu nimeiweka chini mara mbili kabla ya mstari huu.

Ulikuwa na miaka kumi. Mama yako alianza kwa kukataa chakula, kisha macho yakawa ya manjano, na alipokubali kwenda hospitali mwenyewe bila kusema la nilipaswa kuogopa. Walimlaza. Siku ya nne daktari alitutoa nje, mimi na wewe, akaanza kuzungumza nami kwenye korido. Mwanangu, mimi Kichina changu ni cha sokoni. Najua rangi, najua saizi, najua pamba na nailoni, najua mwisho bei gani. Yule daktari mwanamke alikuwa anasema, na mimi natikisa kichwa kama mtu anayeelewa, mpaka akaona. Akakutazama wewe, umevaa sare ya shule na skafu nyekundu. Akauliza kama unaelewa. Ukasema ndiyo.

Akachuchumaa akakwambia wewe. Kisha wewe ukaniambia mimi. Nayakumbuka maneno yako yote, sikupunguza hata moja: "Baba, kasema ni saratani ya ini. Kasema imeshaenea, hawapasui. Kasema mwezi mmoja, labda miwili. Kasema kama ana kwao, apelekwe sasa, bado anaweza kukaa kwenye ndege. Baada ya wiki mbili hataweza." Hukulia. Ulikuwa umeyapanga vizuri, kama mtu anayesoma somo darasani. Hukuongeza wala hukupunguza. Mtafsiri bora niliyepata kumsikia ni wewe siku hiyo.

Daktari akasema kwamba mgonjwa hajamwambia, sisi jamaa ndio tutakaoamua. Hapa ndivyo wanavyofanya mara nyingi, habari mbaya hupewa familia, familia ikaibeba. Desturi ngapi za watu hawa nimezikataa, mwanangu, lakini hii niliidaka kwa mikono miwili. Nilikuchukua mpaka mwisho wa korido kwenye ile mashine ya vinywaji. Nikakwambia: "Tutamwambia mama atapona." Ukauliza, "Kwa nini, baba?" Nikasema, "Ili asiogope." Ukasema, "Lakini daktari kasema asafiri." Nikasema, "Atasafiri akipata nafuu." Nikakwambia utakayesema ni wewe, kwa sababu mimi hataniamini. Nikakufanyisha mazoezi, Rukia. Mara mbili. Mara ya kwanza ulisema polepole mno nikakwambia changamka kidogo. Nikakununulia juisi, ukaishika mkononi, hukuifungua.

Tukaingia. Alikuwa ameegemea mto. Hakuniangalia kabisa, alikuangalia wewe. "Njoo hapa. Baba yako simuulizi. Niambie wewe, daktari kasema nini?" Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kichwa cha kitanda ambako hanioni, nawe unaniona. Nilitikisa kichwa kukuhimiza. Ukasema, "Kasema utapona, mama. Kasema tungoje dawa." Akauliza, "Naweza kusafiri? Nataka kwenda kwa mama." Hili hatukulifanyia mazoezi. Ukaniangalia tena. Ukasema, "Kasema bado." Akakushika shavu akasema alhamdulillahi, basi tutangoja.

Miaka yote hii nimejiambia nilifanya kwa huruma. Leo nakuandikia, na katika barua hii sitatia maji. Huruma ilikuwepo. Lakini wiki ile nilikuwa na wateja watatu kutoka Dar, mzigo wao umejaa ghalani, na kontena linangojwa bandarini Huangpu. Na nilimwogopa bibi yako, nilimwogopa atakapomwona binti yake alivyokwisha, aniulize nilikuwa wapi. Na zaidi ya yote sikuwa na mdomo wa kumwambia Saumu kitu kigumu kikiwa kigumu. Nilikuwa nimeishi kwa kulainisha, na lilipokuja jambo lisilolainika nikamtafuta mtoto alisemee.

Wiki tano. Ili uongo usimame ilinibidi niujengee nyumba. Kina mama wa Tanga walioko mji huu walitaka kuja kumsomea Yasini, nikawazuia, ataona kisomo atajua. Mama Bea alikuja na macho mekundu nikamrudisha mlangoni pa wodi, akaniambia, "Baba Rukia, unamuibia mutu kifo yake." Nikamfungia mlango. Bibi yako alipopiga simu nilisema ana homa ya tumbo. Mtu akiwa anaondoka, kwetu watu humjia wakaombana radhi, naye huwausia watu wake, huwagawia vitu vyake, humwita mtoto wake akamwambia la kumwambia. Mama yako hakuombwa radhi na mtu, wala hakuomba. Hakuusia kitu. Alikuwa anapanga safari ya Ramadhani. Alinituma kitambaa cha baibui cha bibi yako, akanieleza rangi, na mimi nikaenda nikakinunua nikamletea akikague. Akasema hiki chepesi, karudishe. Nikarudisha. Ndivyo tulivyotumia siku zake.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Shule mlitoka mapema. Wakala akanipigia kwamba kontena linafungwa na mteja anataka nikahesabu maboksi mbele ya macho yake. Ningeweza kukataa, hata mteja mwenyewe angeelewa kama ningemwambia mke wangu yuko hali gani. Sikumwambia. Nikajisemea moyoni kwamba nikishinda hapa kitandani Saumu atashtuka, ataona si kawaida, basi niende kazini kama kawaida. Uongo ulinipa ruhusa ya kuondoka na mimi nikaipokea. Nilikuacha wodini kando ya kitanda chake, na biskuti na simu ya akiba. Nikamwambia mama yako narudi kabla ya magharibi. Alisema, "Pita uninunulie ndimu."

Ulinipigia niko Huangpu, mlango wa kontena umeshafungwa. Ulisema kwa Kichina, kwa sauti ileile ya korido, kwamba mama hapumui. Mimi nikakujibu kwa Kiswahili, nikasema subiri, nakuja, usiogope. Tangu siku hiyo mambo ya maana yote unaniambia kwa Kichina. Nimeliona. Sikuwahi kukuuliza kwa nini, kwa sababu najua.

Nilipofika uso wake ulikuwa umefunikwa kwa leso yake mwenyewe, ile ya maua ya bluu, imekunjwa vizuri pembeni. Sijui ni wewe uliyemfunika au muuguzi. Ulikuwa umekaa kwenye kiti, miguu haifiki chini.

Unajua kinachofanywa pale. Mtu wetu akiwa anakata roho, aliye karibu humtamkisha shahada, humsomea taratibu sikioni naye afuatishe, ili neno lake la mwisho liwe hilo. Na maneno yenyewe, La ilaha illallah, yanaanza na neno lilelile la mama yako. Neno alilolisema maisha yake yote kwa wauza samaki na kwangu mimi, na mara ya mwisho alipolihitaji, mume wake alikuwa bandarini anahesabu maboksi ya fulana. Hakukuwa na mtu karibu naye isipokuwa mtoto wa miaka kumi, aliyekwisha kuambiwa na baba yake kwamba mama asijue anakufa.

Bibi yako alinipigia jioni ileile. Nilisema ghafla, mama, kalala tu. Akalia. Kisha akaniuliza swali moja: "Nani alimtamkisha?" Nikasema, "Mimi, mama." Akasema, "Allah akulipe, mwanangu." Miaka minane bibi yako ananiombea dua kwa jambo ambalo sikulifanya. Kila Idi ananitumia salamu. Kila akinishukuru natamani ardhi inimeze, halafu nasema amin.

Mawaidha sina haki ya kukupa, lakini mambo mawili nimeyalipia, uyachukue. Kule Tanga watajua kwamba unasema Kichina kama mzaliwa, watakuja, wafanyabiashara, mafundi, Wachina wenyewe. Mtu akitukana, tafsiri tusi. Akikataa, sema amekataa. Watakuchukia kidogo na utapata pesa kidogo, lakini utalala. La pili ni kuhusu mimi. Nitakupigia simu nikitaka unisaidie jambo, unipunguzie kitu kwa shangazi zako, uniambie bibi hajakasirika sana. Nikatalie. Ukikataa, usiniambie sababu.

*

Niliiacha barua hapa. Sasa nimerudi.

Nilipofika mstari ule niliona upuuzi wangu. Nilikuwa nakuandikia umwambie bibi yako ukweli. Yaani nilikuwa nakutuma tena. Nilikutoa kwenye korido miaka minane iliyopita, na leo nakupeleka kwenye korido nyingine, Tanga, ukamwambie mtu habari ngumu kwa niaba yangu, mimi nikiwa mbali nyuma ya kitanda. Nikainuka. Hapa ilikuwa saa kumi na moja jioni, kule saa sita mchana. Nikampigia.

Akafurahi. "Baba Rukia! Mjukuu wangu kesho kutwa!" Ananieleza amepaka chumba chokaa. Nikamwambia, "Mama, nilikudanganya."

"Lipi?"

Nikamwambia. Daktari alivyosema, na kwamba angeweza kusafiri akaja kufia kwake. Kwamba nilimficha. Kwamba nilimsemesha Rukia. Kwamba sikuwepo, na ile shahada sikumtamkisha mimi. Sikulainisha, mwanangu, naapa. Nikawa narudia maneno ili ayasikie vizuri.

Nilimsikia mtu anatwanga uani kwake. Kisha akauliza, "Mtoto alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi."

"Ukamweka yeye aseme."

"Ndiyo, mama."

"Kisha ukamwacha naye peke yake."

"Ndiyo."

Nilingoja anilaani. Ningeshukuru. Akasema, polepole kabisa, "Mimi nilikuwa namlilia mtoto mmoja. Kumbe ni wawili." Halafu akasema, "Kwa hiyo hujui kama mwanangu alitamkishwa."

"Sijui, mama."

"Miaka minane hukumuuliza."

"Sikumuuliza."

"Basi usimuulize. Umekwisha kumtumia mno. Mpeleke uwanjani, apande ndege, nitampokea mwenyewe. Na wewe usinipigie. Nikikutaka nitakuita." Akakata.

Sijui kama ataniita. Ana miaka themanini na moja, na mimi siwezi tena kumwita mama. Nimepoteza kila mtu niliyekuwa nimebakiwa naye katika mazungumzo ya robo saa, na siwezi kukwambia kwamba najisikia mwepesi. Watu husema ukisema kweli moyo unatua. Wangu haujatua. Mama yako bado amelala kwenye makaburi ya mji huu, mbali na mama yake, kwa sababu yangu, na simu haikumwamsha. Lakini utaingia katika nyumba ile huna uongo wa mtu mkononi. Hilo tu ndilo nililoweza kukufungia begi.

Nakusikia ngazini, unaongea na bibi mwenye nyumba, unacheka. Nitaikunja barua hii niitie ndani ya begi lako dogo, utaikuta ukiwa angani. Sasa hivi utaingia, nitakuuliza umepata saizi ya shangazi, tutakula. Sina uso wa kuyasema haya nikikuangalia. Ningekuwa nao tusingefika hapa.

Bibi yako atakuuliza kuhusu alasiri ile. Si lazima umjibu siku ya kwanza, wala ya mia. Kama mama yako alikata roho bila kusikia kitu, mwambie hivyo, si kosa lako, hakuna hata sehemu moja ya kosa iliyo yako. Na kama ulipanda kitandani, mtoto mdogo vile, ukaweka mdomo sikioni kwake ukamsomea vile ulivyofundishwa chuo cha Kurani, mwambie bibi yako hilo pia, na umwambie kama mama yako alifuatisha.

Mimi usiniambie. Nataka kujua, Rukia, hakuna kitu duniani ninachotaka kukijua zaidi ya hicho. Mwambie yeye.

Baba yako,
Bakari